Mteja ameshalipa kwa namba ya malipo, mfumo wetu unasema bado: kosa liko wapi?

Karani_wa_Mifumo

Wakuu, salaam.

Mfumo ni wa taasisi ya umma: ada, vibali na pango. Umeandikwa kwa lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, umeunganishwa moja kwa moja na GePG, lango la malipo ya kielektroniki la serikali ya Tanzania. Namba za malipo zinatoka, wateja wanalipa kwa simu au benki, na SMS ya kuthibitisha wanaipata. Shida zinaanza baada ya hapo:

1. Kila siku kuna malipo kadhaa yanabaki "haijalipwa" kwetu ilhali pesa imetoka kwa mteja.
2. Mengine yanaingia mara mbili, salio la mteja linapanda maradufu kwa risiti moja. Hili linazidi siku ya mwisho ya kulipa ada.
3. Mteja akilipa saa 3:30 usiku anaambiwa namba imeisha muda, na ankara yake imeandikwa wazi kwamba mwisho ni saa 5:59 usiku ya siku hiyo hiyo.
4. Ankara chache hazipati namba kabisa. Mbili kati ya hizo majina ya walipaji yana Ng'.

Dirishani foleni ni ndefu, kwa hiyo makarani wameanza kubadilisha hali ya ankara kwa mkono wakionyeshwa SMS. Nimeangalia mtandao, hauna neno. Nianzie wapi?

---

FundiBomba

Mkuu, hayo ni magonjwa manne tofauti, ila umeyaleta kwa kadi moja. Usitafute dawa moja.

Kwanza tuelewane kuhusu njia. Pesa inapita njia yake: mteja, benki au kampuni ya simu, akaunti ya makusanyo. Taarifa inapita njia nyingine: benki au kampuni ya simu inaiarifu GePG, GePG inaarifu mfumo wako. Mfumo wako haugusi pesa hata shilingi, unapokea taarifa tu. Kwa hiyo mteja anaposema "nimelipa" na mfumo ukasema "hajalipa", wote wanaweza kuwa wakweli kwa wakati mmoja.

Kwa toleo la nyaraka ninalolijua, mazungumzo yenyewe, kwa maandishi ya XML, ni haya (kama majina ya tegi, yaani lebo zinazofunga kila taarifa, kwenye nyaraka ulizopewa yanatofautiana, fuata zako):

- Unatuma ankara, `gepgBillSubReq`. GePG inajibu papo hapo kwamba imeipokea. Hapo namba BADO haijatoka.
- GePG inakuja yenyewe kwenye anwani yako ya kupokelea na `gepgBillSubResp`, ikiwa na namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Unajibu kwamba umepokea.
- Mteja akilipa, GePG inakuja tena na `gepgPmtSpInfo`. Unajibu kwa `gepgPmtSpInfoAck` yenye 7101, yaani "nimepokea salama".
- Kwa usuluhishi, yaani kulinganisha kumbukumbu zako na za GePG, unaomba orodha ya malipo ya siku fulani kwa `gepgSpReconcReq`, na orodha inaletwa baadaye kwenye anwani yako.

Kila ujumbe una saini ya kidijiti, inayothibitisha kwamba maandishi hayajabadilika hata baiti moja. Asilimia kubwa ya maumivu ya watu iko kwenye saini na kwenye ile 7101.

Ugonjwa wa 2, malipo mara mbili. Bila kuona msimbo wako naweza kubashiri unafanya hivi: taarifa ikifika, unatafuta ankara, unaongeza salio, unatengeneza risiti ya PDF, unatuma SMS na barua pepe, NDIPO unajibu 7101. Siku ya kawaida haya yote yanachukua sekunde mbili. Siku ya mwisho wa ada seva imeelemewa, yanachukua arobaini. Aliyekuletea amechoka kusubiri, kwake taarifa haijapokelewa, anaileta tena. Wewe unaongeza salio tena.

Geuza mpangilio:

1. Soma ujumbe ulivyo, hakiki saini.
2. Uweke mzima mzima kwenye jedwali `malipo_ghafi`. Safu ya `TrxId` (kitambulisho cha muamala) iwe ya kipekee kwenye hifadhidata yenyewe. Ukaguzi wa "kama haipo" ndani ya PHP hautoshi, kwa sababu maombi mawili yakifika kwa pamoja yote mawili yatakuta haipo.
3. Jibu 7101.
4. Kazi nyingine zote (salio, risiti, SMS) zifanywe na programu ya pembeni inayochota kwenye `malipo_ghafi` kila dakika.

Kuna mitego miwili hapo. Hifadhidata ikikataa kwa sababu `TrxId` ipo tayari, bado jibu 7101. Mzigo unao, sema unao. Ukijibu kosa utaletewa tena na tena. Mtego wa pili ni kinyume chake: hifadhidata ikishindwa kuandika (diski imejaa, jedwali limefungwa), USIJIBU 7101. Utakuwa umesaini kupokea kifurushi ambacho huna, na hakuna atakayekuletea tena.

Halafu usitumie namba ya malipo kama ufunguo wa kipekee wa malipo. Ankara ikiwa na `BillPayOpt` ya kulipa kidogo kidogo, namba moja inabeba malipo hata matano halali. Ukizuia kwa namba ya malipo, awamu ya pili inatupwa.

Ugonjwa wa 3, saa. Huu ni wa saa za seva, naona kabisa. Seva yako iko kwenye UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3. Mfumo unaandika mwisho wa ankara saa 5:59:59 usiku, yaani 23:59:59. Kabla ya kutuma, kuna mahali unaigeuza kuwa UTC, inakuwa 20:59:59, na `BillExprDt` (mwisho wa ankara) inaondoka bila alama ya ukanda wa saa. Upande wa pili wanaisoma kama saa ya hapa. Ankara inakufa saa 2:59 usiku. Mteja wa saa 3:30 amekuta mlango umefungwa nusu saa nyuma.

Weka `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam` kwenye php.ini, na uangalie php.ini mbili: ya seva ya wavuti na ile inayotumiwa na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba). Mara nyingi watu wanarekebisha moja. MySQL nayo ina `time_zone` yake.

Ugonjwa wa 4, Ng'. Baadhi ya kibodi za simu zikiandika Ng' zinaweka alama iliyopinda (’) badala ya ile iliyonyooka ('). Machoni ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti 1 na iliyopinda ni baiti 3 kwenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Ukisaini maandishi yakiwa kwenye mfumo mmoja wa herufi kisha ukayatuma yakiwa kwenye mwingine, baiti zilizosainiwa si baiti zilizofika, na saini inakataliwa. Ng'ombe mmoja anakwamisha zizi zima kama unatuma ankara kwa mafungu.

Tiba: muunganisho wa MySQL uwe `utf8mb4` mwanzo hadi mwisho, na jina likishaingizwa geuza alama iliyopinda kuwa iliyonyooka. Usiifute, mtu hapaswi kupoteza herufi ya jina lake kwa uvivu wetu. Tazama pia majina ya kampuni yenye `&`, lazima yawe `&amp;` KABLA ya kusaini, si baada.

Ugonjwa wa 1 nahitaji vielelezo. Chukua malipo matano yaliyokwama. Kwa kila moja jibu maswali matatu kwa mpangilio huu: (a) je, logi ya seva ya wavuti inaonyesha ombi lilifika? (b) tulijibu nini? (c) hifadhidata iliandika? Kama (a) ni hapana, nenda kwa mtu wa fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao). Kama ni ndiyo, kosa ni lenu.

---

Daftari_la_Hesabu

Naongea kwa upande wa uhasibu, mafundi wataendelea na baiti zao.

Hilo la makarani kubadilisha hali ya ankara kwa SMS lisimamishwe leo, siyo kesho. SMS ya malipo inahaririwa kwa dakika moja na mtu yeyote mwenye simu, na picha ya skrini ni rahisi zaidi. Mkaguzi akija ataomba jambo moja: kwa kila ankara iliyolipwa, nionyeshe taarifa ya GePG na mstari wa benki. Ankara iliyogeuzwa kwa mkono haina hata kimoja, na jina la karani ndilo litabaki kwenye kumbukumbu.

Ondoa kabisa kitufe hicho kwa makarani. Mteja akidai amelipa, mhasibu mwenye ruhusa aingie lango la GePG la watoa huduma, atafute kwa namba ya malipo. Akiyakuta, ankara iwekwe hali ya tatu, "inasubiri taarifa", mteja ahudumiwe, na hali hiyo ijifute yenyewe taarifa ikishaingia. Hali hiyo isikae zaidi ya siku moja ya kazi bila mtu kuuliza.

Na kuna kundi la wateja ambao mafundi huwa wanawasahau: wanaolipa kwa uhamisho kutoka benki nyingine kupitia TISS, mfumo wa Benki Kuu wa benki kuhamishiana pesa. Hawa hawaingizi namba kwenye menyu, wanajaza fomu ya uhamisho. Fomu inayochapishwa pamoja na ankara inataja sehemu mbili za MT103, ujumbe wa uhamisho ambao benki hutumiana: sehemu ya 59 ni namba ya akaunti ya makusanyo, sehemu ya 70 ni namba ya malipo ikitanguliwa na `/ROC/`. Karani wa benki akiongeza maneno yake ("ADA YA KIBALI") au akiweka namba sehemu nyingine, pesa inaweza kufika bila kujulikana ni ya ankara ipi. Kwa hiyo mwambie mteja apeleke benki fomu yenyewe, asinakili namba kwenye karatasi.

Ankara kubwa ndizo hupita njia hii. Moja ikikwama inasumbua kuliko pango la mwezi mzima la vibanda.

---

Karani_wa_Mifumo

Shukrani sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Saa: kweli tupu. php.ini ya cron ilikuwa UTC, ya wavuti ilikuwa sawa. Ndiyo maana ankara zinazotengenezwa dirishani zilikuwa salama na zile za usiku kwa mafungu zilikuwa zinakufa mapema.

Malipo yaliyokwama: nimechukua manane. Yote nane yamefika kwenye logi. Yote nane sisi ndio tuliyakataa, tumejibu "saini si sahihi". Lakini mamia mengine siku hiyo hiyo, kwa cheti kile kile, yamepita. Hapa ndipo sielewi. Saini itakuwaje sahihi kwa huyu na mbovu kwa yule? Kitu pekee nilichoona, na huenda hakihusiani: walipaji wote nane hawana barua pepe.

---

FundiBomba

Kinahusiana mkuu. Umeshajijibu.

Nina hakika unahakiki saini hivi: unapokea ujumbe, unausoma kwa SimpleXML (kisomaji cha XML cha PHP), unatoa kipande cha `gepgPmtSpInfo` kwa `asXML()`, kisha unakilinganisha na saini. Tatizo ni kwamba `asXML()` haikurudishii maandishi yaliyokuja. Inaandika upya kwa mwandiko wake. Mlipaji asiye na barua pepe anakuja hivi:

`<PyrEmail></PyrEmail>`

na ikishaandikwa upya inatoka hivi:

`<PyrEmail/>`

Kwa XML maana ni ile ile. Kwa saini hayo ni maandishi mengine kabisa, yamepungua herufi kumi. Mwenye barua pepe hana tegi tupu, anapita. Kwa mtindo huo huo mlipaji asiye na jina au namba ya simu naye atakwama.

Usiandike upya kitu kabla ya kuhakiki. Soma mwili wa ombi kwa `file_get_contents('php://input')`, tafuta kwa `strpos` mahali `<gepgPmtSpInfo>` inapoanzia na `</gepgPmtSpInfo>` inapoishia, kata kipande hicho kama kilivyo, baiti kwa baiti, pamoja na tegi zake za mwanzo na mwisho. Hakiki hicho. Saini ikikubali, ndipo usome kwa SimpleXML upate thamani.

Kwa unachotuma ni hivyo hivyo: saini maandishi, tuma maandishi yale yale. Usisaini kisha ukapendezesha kwa kuongeza mistari na nafasi ili yasomeke vizuri. Angalia pia faili zako za PHP zisiwe na BOM mwanzoni. Ni baiti 3 zisizoonekana zinazotangulia jibu lako, na utazitafuta wiki nzima.

Ukiwa hapo hapo kwenye vyeti, tazama tarehe ya kuisha kwa faili lako la .pfx (lenye cheti na ufunguo wa kusaini) na cheti cha upande wa pili. Cheti kikiisha hakuna kengele inayolia, malipo yanaanza kukataliwa yote kwa mpigo. Weka ukumbusho siku 60 kabla, kwa watu wawili, maana mmoja atakuwa likizo. Na cheti cha majaribio kisikae folda moja na cha mazingira halisi. Majina yake hufanana mno.

---

Mwanapwani_KE

Hamjambo jirani zangu. Huku Kenya malipo ya huduma za serikali yanapitia eCitizen, Paybill 222222, nambari ya ankara ikiwekwa mahali pa akaunti. Sura ni nyingine lakini hilo la kulipokea jambo mara mbili ni lile lile. Wanaounganisha na M-Pesa wenyewe kupitia Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha mifumo, watumie `TransID` kama ufunguo wa kipekee. `BillRefNumber` haifai, kwa kuwa ndiyo anayoiandika mteja kwa kidole chake, na kidole hukosea.

Jambo la pili, msimtambue mlipaji kwa nambari ya simu. Baba analipia mwana, mwajiri analipia dereva, na wakala analipia mtaa mzima. Simu iwe ya kumtumia ujumbe tu.

---

Daftari_la_Hesabu

Naunga mkono la simu. Na kwa kuwa sasa mtakuwa na jedwali la `malipo_ghafi` lenye majina na namba za simu za watu, kumbukeni Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jedwali hilo lisomwe na programu na mtu mmoja au wawili. Lisiunganishwe na ripoti za kila idara.

---

Karani_wa_Mifumo

Nimekata kwa `strpos` kwenye mazingira ya majaribio, tegi tupu zimepita zote. Sasa swali la mwisho: ya nyuma. Kuna malipo ya miezi iliyopita yaliyokwama, na kuna ankara ambazo makarani walishazigeuza kwa mkono. Nikiyaingiza upya si ndiyo nitazalisha maradufu mapya?

---

FundiBomba

Utazalisha, kama utaanza kuingiza kabla ya kusafisha. Mpangilio uwe huu.

Kwanza weka marekebisho yote mazingira halisi: kukata saini, ufunguo wa kipekee, saa. Vinginevyo unafuta sakafu bomba likiwa linavuja.

Kisha omba usuluhishi siku moja moja, kuanzia siku ya zamani zaidi. Orodha haitakuja kwenye jibu lile lile, itakuja kwenye anwani yako ya kupokelea, kwa hiyo iwekee jedwali lake, `usuluhishi_ghafi`. Usiigeuze kuwa malipo moja kwa moja.

Linganisha jedwali hilo na jedwali lenu la malipo kwa kitambulisho cha muamala na kiasi, vyote viwili. Kiasi kiwe `DECIMAL(18,2)`. Kikiwa `FLOAT` utapata tofauti za senti zisizokuwepo. Utapata makundi matatu:

- Yako GePG, kwako hayapo. Haya ni ya kuingiza, lakini kama ankara yake iligeuzwa kwa mkono, unaambatanisha muamala na ankara bila kuongeza salio.
- Yako kwako mara mbili, GePG mara moja. Weka ingizo la kurudisha nyuma lenye sababu. Usifute mstari.
- Yako kwako, GePG hayapo. Haya usiyaguse, mpe mhasibu.

Kwa siku zile ambazo cron ilikuwa UTC, malipo ya saa 6 usiku hadi kabla ya saa 9 usiku yaliyopitia huko mmeyaandika tarehe ya jana yake. Kwenye ulinganisho yatajitokeza kama yamepungua siku moja na kuzidi siku ya jirani. Kwa hiyo tafuta kitambulisho kwenye siku tatu, ya katikati na mbili za pembeni, kabla hujasema halipo.

---

Daftari_la_Hesabu

Hilo kundi la tatu ndilo nilikuwa nalisubiri. Ankara iliyogeuzwa kwa mkono, GePG haina malipo, benki haina mstari: hiyo haijalipwa, hata kama mteja ameshapewa kibali. Toeni orodha ikiwa na tarehe, saa na jina la aliyegeuza, ipelekwe kwa mhasibu mkuu na mkaguzi wa ndani kwa maandishi. Namba ya malipo ya zamani itakuwa imeisha muda, kwa hiyo mteja apewe ankara mpya inayorejea ile ya awali.

---

Karani_wa_Mifumo

Nimeelewa. Kitufe cha makarani kimeondolewa mchana huu. Usuluhishi wa siku ya kwanza umerudi na miamala 212. Kwetu ilikuwepo 209. Watatu waliobaki, wawili hawana barua pepe, na wa tatu alilipa saa 7 usiku na nimemkuta ameandikwa tarehe ya nyuma yake. Naendelea na siku ya pili.